Mhariri, chipu ya kichwani na mkono wa mgonjwa wa stroki ni habari mbili tofauti

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote hapo gazetini. Mimi ni fizio, yaani wale watu wanaomkunjua mgonjwa vidole huku anawalaani kimoyomoyo, na gazeti lenu nalisoma miaka mingi sasa. Naandika kwa sababu ya hizi habari za mashine za kuunganisha ubongo na kompyuta ambazo siku hizi kila ukigeuka unakutana nazo, gazetini, kwenye simu, kwenye tv, na karibu zote zina mwendo uleule, picha ya mtu kavaa kofia ya nyaya au picha ya kichipu kidogo kimekaa kwenye ncha ya kidole, halafu kichwa cha habari kwa herufi kubwa kinasema waliopooza sasa kuinuka. Mkishamaliza nyie, mimi ndio naulizwa. Dokta hiyo chipu inafika lini, sasa tunamchosha mzee na mazoezi ya nini wakati kuna kitu kinakuja? Mimi hata sio dokta lakini ndio wanavyoniita, na swali lenyewe haliko mbali na akili, ukisoma mlivyoandika lazima uulize hivyo hivyo.

Tatizo langu sio kwamba habari ni za uongo. Nyingi ni za kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mmeweka kwenye kapu moja mashine za aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo kwa kazi yake. Kuna zile zinazochukua amri kwenye ubongo na kuipeleka kwingine, kwenye kompyuta, kwenye roboti, kwenye sauti ya bandia, na mkono wa mgonjwa unabaki palepale ulipolala. Na kuna zile ambazo shughuli yake ni kuurudisha mkono wenyewe, unazitumia kama mazoezi kwa wiki kadhaa, unavua kofia, unaendelea na maisha, na kama kweli zimefanya kazi basi mkono utafanya zaidi ya ulivyokuwa unafanya mwanzo hata mashine ikiwa imezimwa kabatini. Hizo za kwanza zinalizunguka tatizo, hizo za pili zinajaribu kuliondoa. Mgonjwa wa stroki, yaani kiharusi, ambaye mkono umelala lakini anaongea, anacheka, anatembea kwa kuburuza mguu, anachohitaji mara nyingi ni ya pili, na nyie mnamuonyesha ya kwanza.

Nitoe mifano. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha kazi ya kundi la BrainGate la Marekani, mama mmoja aliyepata stroki kwenye shina la ubongo miaka karibu 15 nyuma, hawezi kusogeza mikono wala miguu wala kuongea, aliongoza mkono wa roboti kwa mawazo tu ukashika chupa ya kahawa ukamletea mdomoni akanywa kwa mrija. Kichwani alikuwa na kibati kidogo cha milimita 4 kwa 4 chenye elektrodi 96, yaani vidude vya kunasa umeme wa ubongo, kimepandikizwa kwa upasuaji kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha mkono. Ni jambo kubwa, na ile sura yake alipomaliza kunywa ukiiona hutaisahau. Ila mkono wake mwenyewe haukuinuka, na hakuna aliyeahidi kwamba ungeinuka. Mwaka 2023 wenzao wa chuo cha UCSF kule California walimwekea mama mwingine, naye wa stroki ya shina la ubongo, elektrodi 253 juu ya ubongo, na kompyuta ikawa inageuza alichotaka kusema kuwa maneno na sauti kwa kasi ya maneno kama 78 kwa dakika. Hiyo nayo ni kazi ya kupigiwa makofi, lakini midomo yake yeye ilibaki ilivyokuwa. Na ile chipu ya kampuni ya Neuralink ya Januari 2024 ambayo mliiandika mpaka tukachoka, mgonjwa wa kwanza hakuwa hata na stroki, aliumia uti wa mgongo. Ubongo wake ni mzima, kilichokatika ni njia ya kushuka chini. Kwenye stroki mambo ni kinyume, uti wa mgongo mzima, misuli mizima, mishipa ya fahamu ya mkononi mizima, kilichoharibika ni ubongo kwenyewe. Sasa unamchukuliaje mgonjwa wa huku ukampa matumaini ya mgonjwa wa kule?

Kwa wasomaji ambao hawajui stroki inafanya nini nieleze kwa kifupi. Mara nyingi ni damu imeganda ikaziba mshipa wa ubongo, hizo nyingine ni mshipa umepasuka. Seli zinazokosa damu zinakufa, na hizo zimekufa, hazirudi. Kinachotuokoa ni kwamba pembeni ya hapo palipokufa kuna seli ambazo hazijafa na upande wa pili wa ubongo upo, na ubongo una tabia ya kujipanga upya, kazi aliyokuwa anafanya huyu anaanza kujifunza yule. Kujipanga huko kunaenda kasi sana miezi mitatu ya mwanzo halafu kunapungua, ndio maana tunawakimbiza wagonjwa mapema. Zamani tulikuwa tunafundishwa kwamba ikishapita miezi sita basi, ulichopata ndio hichohicho, leo hatusemi hivyo tena.

Halafu kuna kitu kingine ambacho nadhani hakisemwi vya kutosha. Mgonjwa akijaribu kusogeza mkono siku ya kwanza hausogei, ya pili hausogei, ya tano hausogei, mwisho anaacha kujaribu, anaanza kufanya kila kitu kwa mkono mzima, na ubongo nao unausahau ule mkono. Mtafiti wa Marekani Edward Taub alilionyesha hili zamani kwa nyani kabla ya kulileta kwa watu, kwamba sehemu ya ulemavu ni jeraha lenyewe na sehemu nyingine ni mkono kususwa. Tiba aliyotengeneza ni kuufunga ule mkono mzima ili mgonjwa alazimike kutumia mbovu, na mwaka 2006 jaribio kubwa la watu 222 lilionyesha kweli inasaidia. Lakini ina sharti. Lazima uwe na mwendo kidogo wa kuanzia, kifundo kiinuke kidogo, vidole vifunguke kidogo. Ambaye mkono wake ni sifuri kabisa hana pa kuingilia, na hao ndio wengi wanaokaa kwenye viti vyetu wanatuangalia. Nikimwambia rudia mara mia, arudie nini?

Hapo ndipo hizi mashine za aina ya pili zinapoanza kuwa na maana, na mtu akizielewa kuanzia hapa hadanganyiki tena.

Ubongo unatoa umeme. Sio siri mpya hiyo, Mjerumani Hans Berger aliurekodi juu ya kichwa cha binadamu mwaka 1924 kule Jena, na wazo la kuunganisha umeme huo na kompyuta lilishaandikwa na Jacques Vidal wa Los Angeles mwaka 1973, kwa hiyo mkiandika teknolojia mpya kabisa mjue mnaandika kitu kilichokuwepo kabla wengine hatujazaliwa. Kwenye eneo la ubongo linaloendesha mkono, mkono ukiwa umetulia kuna mawimbi yanapiga kama mara 8 mpaka 13 kwa sekunde. Ukitaka kusogeza mkono mawimbi hayo yanashuka. Na kitu cha ajabu, ambacho watu wa Graz kule Austria chini ya Gert Pfurtscheller walikichimba sana, ni kwamba yanashuka hata kama mkono haujasogea, hata ukiwa unawaza tu kwamba unausogeza. Kwa hiyo mgonjwa ambaye mkono ni sifuri bado anatuma amri, amri inapotelea njiani tu, na kofia ya elektrodi inaweza kuiona ikiondoka. Hakuna upasuaji, hakuna kutoboa fuvu, ni kofia na jeli ya kupaka nywele ambayo wagonjwa wote wanailalamikia.

Sasa kompyuta ikishaona mawimbi yameshuka inafanya kitu palepale. Inaweza kuwasha roboti iliyofungwa mkononi ivifungue vidole, au inapeleka umeme kidogo kwenye misuli ya mkono yenyewe ikaze kifundo kiinuke, au inaonyesha mkono kwenye skrini ukijifungua. Mgonjwa ametaka, mkono umekwenda, na hisia za mkono kwenda zinarudi kwenye ubongo uleule uliotaka, wakati uleule. Mwanasaikolojia wa Canada Donald Hebb alishasema mwaka 1949 kwamba seli moja ikishiriki tena na tena kuiwasha nyingine, muungano wao unakuwa imara. Siri yote iko hapo kwenye wakati uleule. Mtoto akikusalimia leo ukamjibu kesho atajifunza nini kuhusu salamu? Na hili ndilo linalotofautisha mashine hizi na zile roboti za kawaida ambazo zinausogeza mkono wa mgonjwa huku yeye anaangalia dirishani anawaza mambo yake, mkono unaenda lakini ubongo haukuomba kitu.

Najuaje kwamba ni huko kukutana kwa nia na mwendo ndiko kunakofanya kazi, na sio kwamba mgonjwa amefurahia kifaa kipya? Maana mgonjwa yeyote ukimpa saa moja ya uangalizi kila siku na mashine yenye taa taa atapata nafuu fulani, sisi wa kazi hii tunajua. Mwaka 2013 kundi la Ujerumani, Ander Ramos-Murguialday na Niels Birbaumer na wenzao, walichukua wagonjwa 32 wa stroki ya muda mrefu ambao mikono ilikuwa imelala kabisa, wakawagawa. Wote walivaa kofia, wote walifungwa roboti ya mkononi, wote walipata fiziotherapia ileile baada ya hapo. Tofauti ilikuwa moja tu ambayo mgonjwa hakuijua, kundi moja roboti ilisogea pale ubongo ulipotuma amri, kundi lingine ilisogea ovyo ovyo tu bila uhusiano na ubongo. Waliounganishwa kweli wakapata nafuu zaidi. Hiyo kwangu ni kati ya majaribio mazuri kuliko yote kwenye eneo hili kwa sababu mashine ni ileile, jasho ni lilelile, kilichobadilika ni kama ubongo ulijibiwa au haukujibiwa.

Mwaka 2018 wakaja wa chuo cha EPFL cha Uswisi, wagonjwa 27, wao hawakutumia roboti, walitumia umeme wa kukaza misuli. Mpango uleule, nusu umeme unafuata amri ya ubongo, nusu unakuja bila mpango. Waliounganishwa walipanda wastani wa pointi 6.6 kwenye kipimo cha mkono nitakachokieleza mbele, wenzao 2.1, na walipopimwa tena miezi 6 mpaka 12 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Hapo katikati, 2015, Wataliano wa Roma walikuwa wameshafanya na wagonjwa 28 ambao stroki yao bado ni changa, wote wanawaza kusogeza mkono, lakini nusu wanaona mikono kwenye skrini ikifuata mawazo yao, na hao ndio walipata zaidi.

Nisiwafiche na upande wa pili. Singapore walifanya jaribio wakalichapisha 2015, wagonjwa 26, kundi moja roboti kwa amri ya ubongo na kundi lingine roboti ya kawaida inayousaidia mkono kwenda bila kofia, mwisho wa siku wote walipata nafuu karibu sawa. Mtu wa haraka atasema basi kofia haina faida, roboti inatosha. Ila angalia ndani. Kundi la roboti ya kawaida lilikuwa linafanya mizunguko 1,040 kwa kila kipindi, la ubongo lilifanya 136. Yaani mizunguko pungufu mara saba na zaidi halafu nafuu ileile. Mimi nikisoma hivyo naona kwamba mzunguko mmoja unaofuata amri ya ubongo una uzito kuliko mmoja wa roboti ya kawaida. Mwenzangu kazini anasoma matokeo hayohayo anasema hapana, maana yake mazoezi mengi ya kawaida yanakufikisha palepale bila gharama ya kofia. Tumebishana sana na hatujamalizana, na kusema kweli hoja yake sio mbaya.

Sasa turudi kwenye hizo pointi maana hapo ndipo magazeti yanaponimaliza nguvu. Mkono unapimwa kwa kipimo kinaitwa Fugl-Meyer, kimetoka Sweden mwaka 1975, vitendo 33, kila kimoja unapata 0, 1 au 2, ukifaulu vyote ni 66. Kwenye jaribio la 2013 waliounganishwa walipanda pointi 3.41. Kwenye la Uswisi ni 6.6. Kwa mgonjwa wa muda mrefu wengi wetu tunachukua kwamba pointi kama 5 ndio mtu anaanza kuiona tofauti kwenye maisha yake. Kwa hiyo tunaongelea nini? Tunaongelea mtu ambaye alikuwa hawezi kufungua kiganja sasa anakifungua nusu, anaweza kushikilia karatasi isiteleze wakati mkono mzima unaandika, anaweza kuingiza mkono kwenye shati bila kuushika na ule mwingine. Haongelewi mtu anayerudi kupiga gitaa. Na msinielewe vibaya, kwa mtu ambaye miaka mitatu mkono umekuwa mzigo wa kubeba tu, kidole kikisogea kwa kutaka kwake analia, na mimi nimeona watu wazima wakilia kwa kitu ambacho mtu mwingine asingekigundua. Lakini andikeni hivyo basi! Andikeni alifungua kiganja nusu. Mkiandika ameinuka, yule aliyefungua kiganja nusu anajiona amefeli.

Kuna na wale ambao haiwashiki kabisa. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuongoza kompyuta kwa kofia hizi, watafiti huwa wanataja 15 mpaka 30 ambao kompyuta inashindwa kusoma ishara zao vizuri, hata wazima wasio na ugonjwa. Fuvu linazuia, umeme unaofika juu ni mdogo sana, ni wa kuhesabiwa kwa sehemu ya milioni ya volti, mgonjwa akikaza taya au akipepesa macho umeme wa misuli unafunika kila kitu. Kwenye stroki ongeza na mambo mengine, kuna ambaye stroki imegusa lugha hivyo maelekezo hayaelewi vizuri, kuna ambaye hajali tena upande wake mmoja wa mwili, kuna uchovu ule wa stroki ambao sio uchovu wa kawaida, mtu dakika 20 za kuwaza mkono na amekwisha kabisa anataka kulala. Na karibu theluthi moja ya waliopata stroki wanaingia kwenye sonona, huyo ukimwambia kaa mbele ya skrini utake kwa nguvu, kutaka kwenyewe ndiko kulikokufa. Kofia haiwezi kusoma nia ambayo haipo. Hili sijawahi kuliona gazetini hata mara moja.

Kifaa ambacho kimeshapita kwenye mamlaka ili watu wakitumie nyumbani ni IpsiHand ya kampuni ya Neurolutions ya Marekani, FDA, yaani mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, iliidhinisha Aprili 2021, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine ya aina hii ya kurudisha mwendo baada ya stroki. Wazo lake limenifurahisha. Kawaida ubongo wa kushoto unaendesha mkono wa kulia na wa kulia unaendesha wa kushoto, lakini Eric Leuthardt na wenzake wa chuo kikuu cha Washington, St. Louis, waliona kwamba upande mzima wa ubongo nao una ishara za nia ya mkono wa upande wake, wakaamua kusoma hizo badala ya kuhangaika na upande uliokufa. Ni kwa watu wazima, stroki iwe imetimiza angalau miezi 6. Ushahidi waliopeleka ulikuwa wa wagonjwa 40 kwa wiki 12, lakini hakukuwa na kufichana, mgonjwa anajua anatumia nini na anayempima anajua. Kwa hiyo kuidhinishwa ni kweli, ila mtu asidhani kwamba ni ushahidi wa uzito sawa na wa lile jaribio la Ujerumani ambalo mgonjwa mwenyewe hakujua yuko kundi gani. Nina mashaka yangu kidogo hapo, ingawa nikipewa leo nikitumie nitakitumia.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika Mhariri, na kama una nafasi ya kuchapisha sehemu moja tu ya barua hii chapisha hii. Kwenye masharti ya kile kifaa FDA waliandika nani asikitumie. Mmoja ni mtu ambaye fuvu lake lina pengo kwa sababu ya upasuaji. Mwingine ni mtu ambaye kifundo na vidole vimekakamaa kiasi kwamba kile kishikio cha mkononi hakiwezi kumkaa. Someni tena hapo. Mkono wa stroki usiposogezwa unakakamaa. Misuli inavuta, kano zinafupika, vidole vinajikunja ndani ya kiganja mpaka kucha zinachoma ngozi, na ikishafika huko hata mimi kwa mikono yangu siwezi kuvifungua, tunaanza kuongelea sindano na wakati mwingine upasuaji. Sasa yule ndugu aliyesoma habari yenu akasema mzee apumzike mazoezi, tunasubiri chipu, anachofanya ni kumtoa mzee kwenye orodha ya watakaoweza kutumia hiyo mashine siku itakapofika. Kila mwezi wa kusubiri bila kunyoosha vidole unampeleka mbali zaidi na kitu anachokisubiri. Sitii chumvi, ni masharti ya kifaa chenyewe.

Na sio kwamba bila mashine hakuna kitu cha kufanya. Ile kazi ya kutaka haihitaji umeme. Mgonjwa akae atulie, afumbe macho, ausikie mkono wake kwa ndani ukifunguka, sio kuuona kama picha ya tv bali kuusikia, na wakati huohuo mtu wa nyumbani au mimi tumfungulie vidole taratibu anapotaka yeye, sio tunapotaka sisi. Tunamuuliza, uko tayari, anasema tayari, ndipo mkono unakwenda. Njia hii haipimi mawimbi na haijui kama kweli amewaza mkono au amewaza chakula, hapo kofia inatushinda, lakini mpangilio ni uleule, nia kwanza mwendo papo hapo. Kuna na kioo, unaweka kioo katikati, mkono mzima unasogea mgonjwa anauona kwenye kioo kama vile ni ule mbovu, tafiti nyingi zimeshaonyesha kinasaidia, na ni kioo tu. Ninachowakatalia watu wa nyumbani ni kuuvuta mkono juu juu kwa nguvu kutokea kwapani, bega la mgonjwa wa stroki linateguka kirahisi sana na likishauma hatatuachia tuuguse tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa dawati lenu la afya na teknolojia. Mkipata tena habari ya hizi mashine, kabla hamjaweka kichwa cha habari muulize huyo mgonjwa ana stroki au ameumia uti wa mgongo. Muulize mkono uliosogea ni wake au wa roboti. Muulize mashine ikizimwa nini kinabaki, na walimpima tena baada ya muda gani, maana nafuu ya kupimwa siku ya mwisho ya jaribio na nafuu ya kupimwa mwaka mmoja baadaye ni vitu viwili. Muulize wale wa kundi la pili walipewa nini, kama hakukuwa na kundi la pili semeni hakukuwa. Na kama kampuni ndiyo iliyowatumia video basi semeni video ni ya kampuni. Haitawachukua hata mistari minne.

Shirika la kimataifa la stroki linasema mtu mmoja kati ya wanne wenye umri zaidi ya miaka 25 atapata stroki kwenye maisha yake, kwa hiyo kati ya wanaosoma barua hii wapo ambao watakuja kukaa kwenye kile kiti, na wapo ambao ndugu yao yuko kitini leo. Kwa hao wa leo, mkimaliza kusoma mwangalieni vidole. Kama vimeanza kujikunja na kufungua kunaanza kuwa kugumu, mpelekeni kwa fizio wiki hii.

Wenu,
Fizio, msomaji wa siku zote